Mtoto Anapokataa Futari



Leo Ramadhani 12. Swali letu limeletwa na mama mmoja. Ana watoto watatu, mkubwa miaka saba, wa mwisho mitatu. Kila siku anaingia jikoni baada ya alasiri na swaumu yake, na adhana ya magharibi inamkuta bado anafuta jasho. Amepika mihogo ya nazi, boga, maharage, uji. Wa kati anaangalia sahani anasema “sitaki.” Wa mwisho, ambaye hata hajaonja, naye anasema “sitaki.” Baba yao anasema wachapwe, bibi yao anasema wakaangiwe chipsi. Mama anauliza: Ustadh, nikiwalazimisha nawadhulumu? Na nikiwapikia chungu cha pili, si nitakuwa nawafundisha kukufuru neema?

Najua kuna watakaosema hili ni swali la jikoni, Ustadh atuletee mambo ya dini. Jamani, dini ya mtu inaonekana wapi kama si hapo, saa ile ana njaa, amechoka, na aliye mbele yake ni mdogo hawezi kujibu?

Tuanze na hilo neno kukufuru neema, maana tunalitupa ovyo. Anayekufuru neema ni yule anayeijua kisha akaikana. Mtoto wa miaka mitano hajui nazi imepanda bei, hajui mama amesimama jikoni saa mbili nzima. Anachojua ni kwamba boga linateleza mdomoni na yeye hapendi. Tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Basi kwenye lile jamvi, mtoto anayesema “sitaki” haandikiwi kitu. Anayeandikiwa ni mimi na wewe: kofi tulilopiga, matusi tuliyotoa, na ile kauli mbaya zaidi, “usipokula Mungu atakuchoma.” Hebu fikiria. Mtoto hajajifunza bado kwamba Mola wake ni Mwenye kurehemu, keshaambiwa anachoma watu kwa sababu ya boga.

Sasa, kuna kisa ambacho Bukhari na Muslim wamekipokea, na ningependa kila mzazi akijue. Mtume (s.a.w.) alikuwa nyumbani kwa mkewe Maymuna (r.a.), akaletewa nyama ya dhabb iliyochomwa. Ni mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Wapo wanaomtafsiri kuwa ni kenge, lakini si kenge wetu huyu wa mtoni anayeiba kuku. Mtume akanyoosha mkono, akaambiwa ni nyama gani, akaurudisha. Khalid bin Walid alikuwepo, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtamani. Khalid akaivuta ile nyama akaila, na Mtume anamtazama.

Angalia yaliyomo humo. Mbora wa viumbe alikikataa chakula cha halali, na sababu aliyoitoa ni kutokukizoea tu. Hakusema ni kibaya. Hakumzuia Khalid. Na wala hakuna aliyemwambia anadharau neema. Ibn Abbas anasimulia pia kwamba zawadi ile ilikuja pamoja na samli na maziwa yaliyokaushwa, na Mtume akala katika hivyo viwili akaacha dhabb. Yaani alikula kilichokuwepo tayari kwenye sufuria na sahani za siku ile. Haikutajwa kwamba mtu alirudishwa jikoni kumpikia kitu kingine.

Kwangu mimi jibu la mama yetu limo humo karibu lote. Mtoto ana haki ya kukataa boga. Hana haki ya kumrudisha mama jikoni. Hizo ni haki mbili tofauti, na sisi tunazichanganya: mmoja anamnyima mtoto zote mbili kwa fimbo, mwingine anampa zote mbili kwa chipsi.

Kwa hiyo ukipanga futari, panga iwe na kitu kimoja ambacho unajua kwa hakika huyo mgomvi wako anakila. Si chungu cha pili. Ni kimoja katika vile vile mnavyokula wote: chapati, au wali mweupe kidogo, au ndizi iliyochemshwa, au maharage yaliyochotwa kabla hujatia pilipili. Na uji wa pilipili manga, jamani, mchotee wa kwake kabla hujaunga! Ule unatuwasha hata sisi. Kisha weka na boga hapo hapo, kipande kama dole gumba, bila hotuba. Akila, alhamdulillah. Asipokula, kilichobaki ni kidogo, mtu mzima atakimalizia, na hapo suala la israfu limekwisha. Tukimpakulia mtoto sahani ya mtu mzima, ikamwagwa, aliyefanya israfu ni aliyepakua.

Na tabia yake asiachiwe. Kutokula ni haki yake, kusema “yaak” si haki yake. Abu Hurayra amesimulia kwamba Mtume hakupata kukitia ila chakula: akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Mfundishe mtoto hayo: sema “alhamdulillah, nimetosheka,” kisha nyamaza. Mtoto wa miaka minne anaweza kabisa.

Niliposoma ualimu tulifundishwa kidogo mambo ya makuzi, na hapa yanatufaa. Mtoto akitimiza mwaka huwa amefikia karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo kasi inashuka mno, kilo kama mbili tu kwa mwaka, na njaa nayo inashuka. Mama anaona “mwanangu alikuwa anakula, sasa hali,” kumbe mwili wake hauhitaji kama zamani. Tena kati ya miaka miwili na sita hivi watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea, na wataalamu wa lishe wanasema mtoto huenda akahitaji kukutana na chakula kile kile mara kumi na zaidi kabla hajakikubali. Sisi tunamjaribu mara mbili tunasema huyu hapendi boga, imekwisha.

Halafu kuna jambo tunalojisahaulisha. Sisi tumefunga, yeye hajafunga. Saa kumi alikuwa na biskuti, akashushia juisi ya pakiti, akaenda dukani kwa Mangi na mia mbili yake akarudi na lambalamba. Adhana inaadhiniwa, sisi tunaona sinia kama pepo, yeye tumbo limejaa sukari. Tunamdai njaa yetu. Mpe mlo wa maana mchana, vitafunwa vikome mapema, utaona magharibi anakaa mwenyewe.

Wapo watakaosema: Ustadh unadekeza, sisi tulikula au tulilala na njaa, na tumekua. Kweli tumekua. Lakini tulikula vipi? Tulikula sinia moja, mikono sita, kaka anavuta mbaazi kwake, na wewe usipofanya haraka zimekwisha. Mtoto wa leo ana sahani yake peke yake, na simu imeegemezwa kwenye jagi la maji. Hamwoni mtu akila. Tumeondoa kile kilichotufundisha kula, tukabakisha fimbo tu.

Na hapa nataka kumgeukia baba.

Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume tangu angali kijana mdogo, kwa miaka kumi. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba katika miaka yote hiyo hakupata kuambiwa hata “ah!” Anas huyu anasimulia kwamba fundi cherehani mmoja alimwalika Mtume kula, naye Anas akaenda pamoja naye. Wakaletewa mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume anayafuata maboga pembezoni mwa sahani. Anasema tangu siku ile hajaacha kulipenda boga.

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyemwambia boga lina vitamini. Alimwona mtu anayempenda akila boga kwa raha, basi.

Sasa niambie, baba Fulani, mwanao amekuona lini ukila boga? Ikiadhiniwa unafuturu tende msikitini, unaswali, kisha mnakusanyika barazani na wenzako, sinia za kila nyumba zinaletwa hapo. Ni jambo zuri, mimi mwenyewe nalihimiza. Lakini nyumbani kamebaki katoto ka miaka mitano na mama aliyechoka, na wewe ukirudi saa tatu swali lako ni “wamekula?” Ukiambiwa hawajala, unatafuta mkanda. Au siku unayofuturu nyumbani, unaonja mchuzi unakunja uso: chumvi imezidi leo, nazi nyepesi. Mtoto anakusikia. Kesho yeye akikunja uso, unamwambia hana adabu ya chakula. Ameipata wapi?

Kwa hiyo baba aliyeshauri wachapwe, nina shauri jingine. Mchukue huyo wa kati uende naye barazani. Akae ubavuni pako, mkono wake uingie sinia moja na wako. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto, mkono wake unazungukazunguka kwenye sahani, na Mtume akamfundisha hapo hapo wakila: ataje jina la Allah, ale kwa kulia, ale cha karibu yake. Somo lilitolewa mezani, na mwalimu alikuwa anakula sahani ile ile. Na siku mbili katika wiki futuru na hao wadogo nyumbani. Baraza haitakosa watu.

Nimebakiza shukrani, maana mama aliiulizia. Ile kauli ya “kuna watoto wanalala njaa” ni ya kweli, lakini mtoto wako akimeza boga kwa machozi, yule mwenye njaa hajashiba. Sisi watu wa pwani tuna desturi ya kupelekeana futari. Mpe yeye abebe. Sahani iliyofunikwa, mikono miwili, taratibu mpaka kwa bibi jirani anayeishi peke yake, abishe hodi, apokee dua. Aone mtu akifurahia chakula kile kile alichokikataa. Akifanya hivyo Ramadhani nzima, hutahitaji kumhutubia sana.

Tahadhari moja: mtoto ambaye uzito wake kwenye kadi ya kliniki unashuka au umesimama, anayepaliwa au kutapika kila akila, au ambaye vyakula vyake vyote duniani vimebaki viwili vitatu, huyo si mchaguzi wa kawaida. Mpeleke kituo cha afya, usisubiri Idi.

Mama, kesho pika chungu chako kimoja kama ulivyopanga. Bibi mwambie chipsi ziwe za Idi. Na ujumbe huu mtumie baba yao kabla ya alasiri, ili asije akasema hakuuona.

Kesho inshaAllah tutajibu swali la kijana aliyeuliza kuhusu kulala mchana kutwa na swaumu. Wabillahi tawfiq.