Dawa ya damu yako mwenyewe: ni mali ya nani?

Mtu akipeleka kitambaa chake kwa fundi wa kushona, anajua atalipa nini. Atalipa kazi ya mikono ya fundi, na uzi, na vifungo. Kitambaa hakilipii, kwa maana ni chake. Na kama fundi angemwambia: «Nguo hii itakupa furaha kubwa siku ya ndoa yako, basi bei yake ni mara kumi», watu wote wa mtaa wangesema fundi huyo ana roho mbaya.

Nimeanza na fundi, wasomaji wapenzi, kwa sababu siku hizi iko dawa ya kansere inayofanana na nguo hiyo. Haitoki katika mizizi wala majani. Inatengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe.

Tuone kwanza kazi yake. Katika damu yetu zimo chembe nyeupe, ambazo ni kama askari wa mwili. Vijidudu vya ugonjwa vikiingia, zinavitambua na kuviua. Lakini kansere si adui atokaye nje. Ni chembe za mwili wenyewe zilizoasi na kuzaana ovyo. Zinavaa mavazi ya nyumbani, na mara nyingi askari anazipita bila kuzishuku. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake katika Israeli walionyesha kwamba chembe T, kundi moja la askari hao, zaweza kutiwa jeni mpya, yaani maagizo mapya ndani ya chembe, nazo zikatambua alama ambayo zamani hazikuitambua.

Leo inafanyika hivi. Damu ya mgonjwa inapitishwa katika mashine inayotenga chembe nyeupe, na damu inayobaki inamrudia. Chembe zile zinapelekwa kiwandani. Huko zinatiwa jeni kwa msaada wa virusi. Virusi gani? Mara nyingi ni virusi vilivyotokana na vile vya SIDA, vikaondolewa nguvu ya kuzaana na kuleta ugonjwa, vikaachiwa ujuzi mmoja tu: kuingia ndani ya chembe na kutua mzigo. Nakiri kwamba nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu kwa muda. Sisi tumewazika wengi kwa ugonjwa ule, na kumbe adui yuleyule amefanywa mchukuzi wa dawa! Kisha chembe zinazidishwa mpaka ziwe mamilioni mengi, na kurudishwa katika mshipa wa mwenyewe.

Mwaka 2012, mjini Philadelphia katika Marekani, mtoto mwanamke wa miaka 6 mwenye kansere ya damu alipewa dawa hii, wa kwanza kati ya watoto. Ugonjwa wake ulikuwa umerudi mara mbili, na dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Askari wapya walipigana kwa ukali hata homa ikampanda vibaya, akawa karibu kufa. Mganga Carl June na wenzake waliona kitu kimoja kimezidi mno katika damu yake. June alijua dawa ya kukizuia, kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo unaotibiwa kwa dawa hiyo. Wakampa mtoto, na homa ikashuka upesi. Baada ya majuma machache hawakuona tena kansere. Mwaka 2022 alitimiza miaka 10 bila ugonjwa kurudi.

Si wote wanaopona namna ile. Katika habari iliyotolewa mwaka 2018 juu ya wagonjwa 75, watoto na vijana, ugonjwa ulitoweka kwa watu 81 katika 100 ndani ya miezi mitatu, lakini kwa wengine ulirudi. Tena kansere za uvimbe, kama zile za ziwa au za tumbo la uzazi, bado ni ngumu kwa chembe hizi.

Wengine watauliza kama ni halali kugusa maandiko ya ndani ya mwili wa mtu. Sioni shida kubwa hapa. Jeni ile inatiwa katika chembe za damu yake tu. Watoto atakaowazaa hawairithi. Kuponya kiungo kwa kukibadili ni kazi ya zamani ya waganga.

Shida ninayoiona ni nyingine. Kampuni ya Novartis ilipopewa ruhusa ya kuuza dawa hii katika Marekani, mwezi wa 8 wa mwaka 2017, kwa jina la Kymriah, iliweka bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Siku za kulala hospitalini hazimo katika bei hiyo.

Sisemi kwamba ni wezi. Dawa hii haiwezi kupikwa katika sufuria moja kwa watu elfu. Kila mgonjwa ana kazi yake peke yake, na usafi wake, na vipimo vyake. Chembe za mmoja zikichanganywa na za mwingine ni hatari. Majaribio mengi yanashindwa, nayo yanagharimu. Fundi apewe mshahara wake.

Lakini kampuni ilieleza pia kwamba kwa mahesabu ya wataalamu wa nje, faida ya mgonjwa ingestahili bei kubwa zaidi, dola 600,000 au zaidi. Hapo ndipo ninapomkumbuka fundi wetu. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha neno juu ya bei ya haki. Kama mnunuzi anapata faida kubwa katika kitu, na muuzaji hapotezi neno, muuzaji asipandishe bei kwa ajili ya faida ile. Kwani haitoki kwake, inatoka katika hali ya mnunuzi, na hakuna ruhusa ya kuuza kisicho chako. Toma hakujua habari za chembe T. Lakini katika dawa hii neno lake limekuwa kweli mara mbili: shida ni ya mgonjwa, na kitambaa pia ni chake.

Labda utanijibu: ujuzi je, si mali ya kampuni? Ni yake kwa sehemu. Kazi ya June ilisaidiwa pia kwa fedha za serikali ya Marekani na sadaka za watu waliofiwa na jamaa zao. Hao nao wametia uzi wao katika nguo. Tena wengine wameshona kwa bei nyingine. Mjini Barcelona hospitali moja ya chuo kikuu imejitengenezea dawa ya namna hii kwa karibu euro 90,000, ikapata ruhusa ya serikali mwaka 2021. Katika Uhindi dawa iliyotungwa na wataalamu wa Mumbai ilipata ruhusa mwaka 2023, kwa bei ya karibu dola 50,000.

Mzazi wa Bukavu atacheka kwa uchungu. Dola 50,000 kwake ni sawa na 475,000: hana. Ataniambia kwamba katika zahanati yake hata dawa ya malaria mara nyingine inakosekana, na mimi namhubiria bei za Philadelphia. Ana haki ya kukasirika. Nami namwomba akumbuke dawa za SIDA. Mwaka 2000 dawa hizo zilipita dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kila mwaka, na watu wenye elimu walisema Afrika haitaziweza kamwe. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ilitangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Dawa zilikuwa zilezile. Kati ya bei ya kwanza na ya pili, huku kwetu tulikuwa tukichimba makaburi.