Furaha ya Barabara na Jasho la Jirani

Yako maswali ambayo hatuyakuti katika katekisimu kwa maneno yake yenyewe, na hata hivyo yanaigusa dhamiri ya Mkristu. Moja ndilo hili: je, ni halali mtu mwenye afya na chakula chake kujichosha barabarani kwa furaha tu, huku jirani yake akichoka katika barabara ileile kwa sababu ya njaa? Twasema habari ya baisikeli, ambayo sisi watu wa Katanga tumezoea kuiita kinga.

Katika mji wetu wa Lubumbashi wako wanaopenda safari ndefu za baisikeli. Siku ya mapumziko, au Jumapili baada ya Misa ya kwanza, hutoka mjini kwenda Kipushi, kama kilomita 30. Wenye nguvu zaidi hushika njia ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, kama kilomita 90, au ile ya Likasi, kama kilomita 120. Hawaendi kuuza wala kununua. Wanakwenda kwa kuwa kwenda kwenyewe ni kutamu.

Na utamu huo ni wa kweli. Nchi yetu imeinuka kama mita 1,200 juu ya bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi huuma vidole vilivyoshika usukani. Kisha jua huchomoza, na vichuguu vikubwa kama nyumba huonekana katikati ya msitu. Mwezi wa Septemba, mvua haijanyesha bado, miti huchipua majani mapya mekundu, hata mtu adhani msitu unawaka moto usio na moshi. Anayepita ndani ya gari haoni hayo. Anayepita kwa miguu huyaona, lakini hafiki mbali. Mpanda baisikeli huona na kufika.

Taabu nazo zipo. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia machoni, puani na katika mnyororo. Tangu Novemba mvua hugeuza njia za pembeni kuwa matope yanayoshika magurudumu. Malori yenye kubeba shaba na kobalti hupita kwa kishindo, na mwenye baisikeli hana budi kushuka majanini. Mwiba mdogo usioonekana hutoboa mpira, nati hulegea, breki hukataa penye mteremko. Tena kuna njaa ya ghafula, ambayo wapanda baisikeli wanaijua sana: dakika moja miguu ina nguvu, dakika ya pili imekuwa kama ya mtoto. Ajabu ni kwamba jioni, wakisimuliana, taabu hizo ndizo zinazowachekesha kuliko yote.

Basi, je, furaha hiyo ni kosa? Wako wanaosema kwamba Mkristu mwema hana nafasi ya michezo, na kwamba nguvu zote ni za kazi na sala. Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alieleza kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, nayo hupumzika kwa mchezo na furaha. Akauhesabu mchezo wenye kiasi kuwa jambo la fadhila. Mwaka 1949 Papa Pio XII alimweka Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye kanisa lake dogo liko juu ya kilima kaskazini mwa Italia, kuwa msimamizi wa wapanda baisikeli. Kanisa lisingewapa msimamizi watu wanaofanya jambo lililo ovu kwa asili yake. Furaha ya mwili wenye afya ni zawadi, na zawadi hupokewa kwa shukrani.

Lakini swali letu halijaisha. Katika njia zilezile, kabla ya mapambazuko, wanakuja kutoka msituni watu wengine wenye baisikeli. Wamefunga magunia ya makala, yaani mkaa, mawili, matatu, hata zaidi, yakapita kichwa cha mwenyewe kwa urefu. Penye kilima hawapandi. Husukuma, mgongo umepinda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia. Mjini nyumba nyingi hazina umeme, au zinao leo na kesho haupo, na chungu cha bukari chataka moto. Makala hayo ndiyo yanayotupikia. Mpanda kwa furaha na msukuma makala wanakutana kilimani. Wote wawili wanatoka jasho, lakini mmoja amelichagua jasho lake, na mwenzake hakulichagua.

Hapo mtu mwenye moyo huona haya. Huenda akasema: Afadhali niiache furaha yangu. Tufikiri vizuri, ndugu. Tukikaa nyumbani Jumapili, mzigo wa yule mtu utapungua? Hautapungua hata kilo moja. Kuacha furaha pasipo kumfaidia mtu si upendo bado. Pengine ni kuikimbia tu barabara inayotuonyesha tusilopenda kuliona. Kwa hiyo swali lenyewe tuliulize namna nyingine: furaha yetu inatufumbua macho au inatufumba?

Tena tujihadhari na huruma yenye kiburi. Yule mwenye makala si mnyama wa mzigo. Akikutana na mteremko mzuri baada ya kuuza magunia yake, huachia breki na kuimba kama mtu yeyote. Anaujua msitu kuliko sisi, na baisikeli yake ameiongezea vyuma na miti kwa akili ambayo sisi hatuna. Anayemtazama na kuona taabu tupu amemnyang'anya nusu ya utu wake. Na mara nyingi tairi la mpanda kwa furaha likitoboka mbali na mji, ni nani aliye na kiraka kilichokatwa katika mpira wa zamani? Ni yeye. Aliye na nguo nzuri hukaa chini kando ya njia, na maskini ndiye anayemtengenezea. Hilo ni fundisho kubwa, maana wengi wetu tunajua kutoa, lakini kupokea kunatushinda.

Mwaka 1931 Kazimierz Nowak, mtu wa Poland, alianza safari peke yake kulivuka bara la Afrika tangu kaskazini hata kusini, kisha akarudi kaskazini, akamaliza mwaka 1936. Sehemu kubwa alikwenda kwa baisikeli, sehemu nyingine kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Na nchi yetu ya Kongo alipita ndani yake. Watu husifu miguu yake, na kwa haki. Lakini hakuna miguu inayovuka bara kwa nguvu zake tupu. Anayekwenda mbali hula chakula kilichopikwa na wengine na kunywa maji yaliyotekwa na wengine. Kila safari ndefu ni deni.

Nasi watu wa Kongo tunalo jambo jingine la kukumbuka. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, huko Belfast, alipata hati ya tairi la mpira lenye upepo ndani. Baisikeli ikawa laini, watu wa Ulaya na Marekani wakaipenda, na mpira ukatafutwa kwa bidii. Wakati huo Kongo ilikuwa mkononi mwa Leopold II, tangu 1885 hata 1908. Watu wetu walilazimishwa kwenda msituni kuugema mpira. Wanawake walifungwa mpaka waume zao walete kipimo. Wako waliokatwa mikono. Wapanda baisikeli wengi wa siku hizo hawakujua. Waliburudika juu ya upepo laini, na gharama ililipwa mbali na macho yao. Hatusemi hayo ili kumhukumu mtu aliyekufa. Tunayasema kwa sababu sisi tuna udhuru mdogo kuliko wao: jasho la jirani yetu halipo ng'ambo ya bahari, lipo kilimani mbele ya gurudumu letu.

Basi, yatupasa nini? Kwanza, kusimama. Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi hawakumpiga yule mtu. Kosa lao lilikuwa kupita. Na mwenye baisikeli hupita upesi, kwa hiyo kishawishi chake ni kikubwa kuliko cha mwenda kwa miguu. Anayehesabu dakika ili awahi Likasi ajiulize dakika hizo ni za nani.

Pili, kumpisha mwenye mzigo, na kumlipa vyema. Mtu anayebishana asubuhi nzima ili apunguze bei ya gunia lililosukumwa toka mbali asiseme kwamba anawapenda maskini.

Tatu, tusidhani kiraka kimoja kimemaliza deni. Sadaka haishiki mahali pa haki. Msitu unaokatwa bila kupandwa tena utakwisha, na mwaka kwa mwaka msukuma makala atatoka mbali zaidi. Mkristu akiwa na sauti katika kazi yake, katika mtaa wake au mbele ya serikali, aitumie ili umeme ufike, miti ipandwe, na watoto wa mtu yule wapate kazi isiyovunja mgongo.

Miguu yenye nguvu yaweza kumtumikia Mungu kweli. Gino Bartali, Mkatoliki wa Firenze, alishinda mashindano makubwa ya Ufaransa mwaka 1938 na tena 1948. Kati ya hapo, wakati wa vita, alibeba hati ndani ya vyuma vya baisikeli yake ili kuwaokoa Wayahudi waliowindwa. Walinzi walidhani anafanya mazoezi tu. Vita vilipokwisha hakupenda kujitangaza. Mwaka 2013, yeye akiwa amekwisha kufa, taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimhesabu kati ya Wenye Haki. Nguvu alizozipata kwa mchezo ndizo alizozitumia kwa upendo.

Kwa hiyo, ndugu, usiiache baisikeli yako. Toka, uone majani mekundu ya Septemba, umshukuru Muumba wake. Ila Jumapili ijayo weka mfukoni viraka viwili: kimoja cha kwako, na cha pili cha mtu usiyemjua bado. Bikira Maria, msimamizi wa wapanda baisikeli, awaangalie wote wawili, anayepanda kwa furaha na anayesukuma kwa shida, wafike kwao kabla ya giza.