Je, Kweli Ajali Haina Kinga?

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyokuwa ikitoka Minova, ilipinduka katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278. Makumi walikufa. Msibani nilisikia maneno yale yale: ajali haina kinga.

Maneno hayo nayapinga. Neno "ajali" lilitoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya muda aliopangiwa mtu kufa, na nadhani maana hiyo ya kale bado inatutawala. Tukishasema ajali, hakuna tena wa kuulizwa. Lakini chombo kupinduka si fumbo. Mizigo ikirundikwa juu, chombo huwa chepesi kuyumba. Kikikaribia gati na abiria wote wakasogea upande mmoja, kinalala. MV Nyerere ilizama mwaka 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, Tanzania, ikiwa na abiria wengi kupita 101 walioruhusiwa.

Wengi humlaumu nahodha. Ana hatia, sikatai. Ila barabara ya kutoka Minova hadi Goma ilikuwa imekatwa na vita kati ya jeshi na M23, na mwenye magunia ya maharagwe alibakiwa na ziwa tu. Aliyeifunga barabara hakuonekana bandarini, kwa hiyo hakuna anayemtaja.

Na abiria je, si alipanda kwa hiari yake? Shangazi yangu hufanya biashara ya nyanya. Siku moja nilimsihi angoje boti ya kesho, kwa kuwa ile ilikuwa imejaa. Akanijibu, "Mwanangu, nyanya hizi kesho nitamuuzia nani?" Akapanda. Ridhaa ya mtu aliyewekwa kati ya njaa na maji haimfutii hatia anayempokea nauli. Hilo nina hakika nalo. Lakini mimi sikuwa na nyanya. Nilipanda kwa sababu niliona aibu kubaki peke yangu gatini, na sijui niiite nini ridhaa yangu.

Baada ya Merdi kuzama, hesabu za waliokufa zilitofautiana. Ni vigumu kuhesabu waliopotea bila kujua walioingia, na orodha ya majina yahitaji daftari na kalamu tu. Siku ile tulipopanda, karani alipokea nauli zetu, akazihesabu noti mara mbili. Majina hakuuliza.