Umepataje?

Mwanangu, barua yako ya kupangiwa kituo nimeisoma mara mbili. Hisabati, kidato cha kwanza, shule ya kata. Shangazi yako niliingia darasani mwaka 1978, mmoja wa wale tulioitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na elimu yangu ya darasa la saba. Nisikilize kabla hujafunga mizigo.

Jihadhari na "Ndiyo, mwalimu!" Utamaliza kueleza, utauliza, "Tumeelewana?", na watoto sabini wataitikia kwa sauti moja. Inapendeza masikioni, lakini haikuambii kitu. Ndivyo walivyozoeshwa tangu darasa la kwanza, na mara nyingi anayeitikia kwa nguvu ndiye anayeogopa kuulizwa. Nimeishi na kiitikio hicho miaka mingi nikidhani nafundisha.

Siku moja, darasa la tano, tulikuwa tunajumlisha sehemu: nusu jumlisha theluthi. Kijana mmoja akaandika 2/5. Kosa hilo nilikuwa nimekutana nalo mara nyingi, na dawa yangu ilikuwa wino mwekundu na fimbo. Nakuambia kwa uchungu, maana wale watoto sasa ni watu wazima na siwezi kuwafuata mmoja mmoja niwaombe radhi. Siku hiyo, badala ya fimbo, nikamwuliza, "Umepataje?"

Akasimama. "Mwalimu, nyumbani kulikuwa na mandazi mawili, nikala moja. Kwa jirani yalikuwa matatu, nikala moja. Yote ni matano, nimekula mawili."

Nikabaki na chaki mkononi. Mtoto alikuwa amefikiri vizuri kabisa. Ila nusu yake ilitoka kwenye sahani moja na theluthi kwenye nyingine, na mimi sikuwa nimewahi kuwaambia kwamba sehemu tunazojumlisha lazima ziwe za kitu kizima kimoja. Nikamwuliza tena, "Hiyo 2/5 inaizidi nusu, au haifiki?" Akachora mkate kwenye daftari, akaugawa, akautazama kwa muda. Kisha akashika kichwa: ameanza na nusu, ameongeza, halafu amepata pungufu ya nusu! Hakuna fimbo ingemwonyesha hilo.

Tangu hapo nikaweka daftari la majibu ya makosa. Si la majina, la majibu tu, na pembeni naandika mtoto alivyonieleza. Darasa la watoto sabini huwezi kumwuliza kila mmoja kila siku. Wakifanya zoezi, usikae mezani. Pita katikati ya madawati, simama kwa wanne au watano, uliza "umepataje?" hata kwa aliyepatia, wasije wakalifanya swali hilo kuwa dalili ya kukosea.

Jingine ni kudurusu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akikariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea ndani ya siku moja tu, na kukirudia kulipunguza usahaulifu. Walimu wetu wa madrasa walilijua hilo bila vipimo. Hupewi sura mpya kabla hujasoma ya jana bila kutazama. Basi anza kila kipindi na maswali mawili ya wiki iliyopita, madaftari yamefungwa. Watalalamika. Kusoma tena maandishi ni rahisi na humfanya mtoto ajione anajua; kulitafuta jibu kichwani ndiko kunakolikaza.

La mwisho linaniumiza zaidi. Hao wa kidato cha kwanza wametoka miaka saba ya kuhesabu kwa Kiswahili, na ghafla kila kitu ni Kiingereza. Utaona mtoto aliyekuwa hodari amekaa kimya kama maji ya mtungini. Usimwandike mzito. Huenda hesabu anaijua, ila maneno hana. Mwache kwanza ajadiliane na jirani yake kwa lugha anayofikiria, kisha msaidie kulivusha jibu lake hadi kwenye Kiingereza cha mtihani. Wapo watakaokuambia unawadekeza. Wajibu kwa heshima, kisha rudi darasani ukaendelee.

Daftari langu la makosa bado lipo, chini kabisa ya sanduku la kanga, na limebaki kurasa nyingi tupu. Pitia kwangu Jumapili ulichukue.