Kuogelea ni Haki ya Mtoto kwa Mzazi Wake

Wazazi wengi wa mwambao na wa kandokando ya Ziwa Victoria humkinga mtoto na maji kwa kumkataza na kumtisha. Marufuku hiyo hutokana na mapenzi, ila haimfai mtoto anayeishi hatua chache kutoka ufukweni. Ataenda tu, tena kwa kujificha, asijue la kufanya akikosa pa kukanyaga. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini maji hayarudii somo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mzazi, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kumfundisha mtoto kuogelea.

Faida nyingine huja humohumo katika kujifunza. Mtoto huanza kwa kupuliza maji na kuzuia pumzi, kisha huelea chali, kisha hupiga miguu huku akivuta mikono. Mikono, miguu na pumzi hulazimika kwenda pamoja, na hapo viungo hupata nguvu na uwiano. Kuelea nako hudai utulivu, kwani anayetapatapa huzama. Hivyo mtoto hujizoeza kuitawala hofu yake, kusikiliza maelekezo na kungoja zamu. Wapo wanaodai kwamba kuogelea humwongezea mtoto akili darasani. Ahadi hiyo tusiishike sana, maana mara nyingi anayepelekwa kwenye mafunzo ana wazazi wenye nafasi na uwezo wa kumwendeleza kwa mengine pia.

Wasichana ndio wanaosahaulika zaidi. Mvulana huachwa ajirushe baharini na wenzake, dada yake akabaki nyumbani kwa ajili ya stara. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, Mradi wa Panje umeonyesha kuwa stara si kizuizi: wasichana hujifunza wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili, na miongoni mwa walimu wao wamo wanawake. Waislamu wanaujua pia wasia unaonasibishwa na Sayyidna Umar bin Khattab, wa kuwafundisha watoto kuogelea.

Wala kumfundisha mtoto hakuhitaji bwawa la hoteli. Nchini Bangladesh, watoto wa vijijini wamefundishwa katika mabwawa ya kawaida yaliyojengewa jukwaa la mianzi. Kinachohitajika ni maji matulivu yenye kina kinachojulikana, mwalimu anayeijua kazi yake na watoto wachache kwa zamu moja.

Umri nao uzingatiwe. Shirika hilohilo la Afya linashauri watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Aliye mdogo zaidi anaweza kuzoeshwa maji mikononi mwa mzazi, lakini kinga yake hasa ni jicho la mtu mzima, kisima chenye mfuniko na ndoo isiyoachwa na maji.

Hata mtoto aliyekwisha kufuzu hajamtua mzazi mzigo wa kumwangalia. Bahari ina mikondo, ziwa lina dhoruba, na mtoto huchoka. Mzazi ana wajibu wa kumfundisha na wajibu wa kumlinda; akitimiza mmoja, mwingine bado anadaiwa.