Kujikwaa si Kuanguka: Methali na Mtu Anayeacha Pombe

Methali "Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele" ina sehemu mbili, na mara nyingi inayosemwa ni ya kwanza tu. Mtu akifeli mtihani au akipata hasara dukani, wenzake humwambia "kujikwaa si kuanguka" wakaishia hapo, na maneno yakawa pole. Uzito wa methali uko katika sehemu ya pili, maana inadai jambo lisilokubalika kwa haraka: kwamba aliyejikwaa amesogea mbele. Dai hilo lina mtihani wake mgumu kwa mtu aliyeacha pombe majuma au miezi michache tu iliyopita, kisha akanywa tena.

Picha ya methali ni ya mtembea kwa miguu. Aliyekaa barazani hajikwai. Anayejikwaa ni aliye njiani. Mtu anayepita juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, kama wafanyavyo wachokoa pweza wa Kigombe katika pwani ya Tanga, kidole kikigonga jiwe mwili wake haurudi nyuma. Hutupwa mbele, hatua mbili tatu za haraka zikafuatana bila yeye kuzipanga, na ndani ya hatua hizo ndipo inapoamuliwa kama atasimama au atalala chini. Methali imejengwa juu ya hatua hizo. Tena inapingana na imani iliyoenea Afrika Mashariki kuwa kujikwaa mwanzoni mwa safari ni nuksi, imani inayomfanya mtu ageuze njia arudi nyumbani akiamini safari imeshakataa. Anayeishika methali hukitazama kidole, huliangalia jiwe, na safari huendelea.

Pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga mpakani na Kenya hadi Pangani, pombe ina sura mbili. Ni nchi ya Waislamu wengi, ambako kilevi ni haramu na mnywaji hujificha. Ni nchi ya minazi pia, ambako mgema hupanda asubuhi na jioni, na tembo lililotoka mtini likiwa tamu huwa limeshakuwa kali kabla siku haijaisha. Ipo gongo, ambayo sheria inaikataza, na zipo pombe kali za kiwandani. Viroba vya plastiki, vilivyomwezesha mtu kulewa kwa fedha ndogo, vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe hizo hizo zimeendelea kuuzwa katika vichupa. Anayeacha pombe hapa basi hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: kilevi kiko hatua chache kutoka mlangoni, na aibu ya kuonekana umekinywa ni nzito.

Mwili nao una hesabu yake. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi ndani ya saa chache. Hayo hupungua baada ya siku kadhaa, na ndugu hudhani mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ubongo uliozoea kutulizwa na pombe huchukua majuma na miezi kupata utulivu wake, na katika kipindi hicho usingizi ni haba, hasira ziko karibu, na hamu huja bila kubisha hodi. Ndiyo maana kurudia pombe hutokea zaidi katika miezi ya mwanzo, hata kwa mtu aliyeacha kwa nia safi kabisa. Anayesema kuwa aliyerudia hakuwa na nia hajui kinachoendelea ndani ya mwili huo.

Mfano uko baharini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki hadi kwenye wavu. Mwezi unapokuwa mpevu taa hazifui dafu mbele ya mwanga wake, vyombo hupandishwa ufukweni na wavuvi hukaa bure siku kadhaa. Mvuvi wa Sahare, Tanga, aliyeacha pombe anaweza kulipita giza zima salama, kwa kuwa usiku yuko kazini na mchana amelala. Hatari yake ni mbalamwezi. Fedha za mgawo ziko mfukoni, wavu umeshashonwa, jioni ni ndefu, na mabaharia wenzake wameketi chini ya mnazi wakipokezana kata. Mmoja anasema, "Onja tu, bwana, leo hatuendi popote." Anaonja. Hapo ndipo alipojikwaa.

Kujikwaa kumeshatokea, swali ni kama kuanguka lazima kufuate. Mwanasaikolojia wa Marekani Alan Marlatt, katika kitabu alichokihariri na Judith Gordon mwaka 1985, alitenganisha mambo hayo mawili: kunywa mara moja ni tukio, kurudi katika ulevi ni hali, na kati ya moja na jingine kuna njia ambayo mtu bado anaweza kuikatiza. Kinachomsukuma katika njia hiyo, alieleza, ni zaidi ya kilevi chenyewe. Ni maana anayoipa glasi ile. Akijiambia kuwa amekunywa kwa sababu yeye ni dhaifu wa asili na hatabadilika, aibu humjaa, na dawa ya aibu anayoijua ni moja tu. "Nimeshaharibu," husema, na akishasema hivyo haoni tena sababu ya kukataa glasi ya pili. Mvuvi wa Sahare anaamka asubuhi na mning'inio, anamsikia mama yake akifagia ua bila kumsalimu, naye anatoka kwenda kuzimua. Kilichomtoa nyumbani asubuhi hiyo hakikuwa kiu. Ilikuwa aibu, na siku ya tatu ndiyo watu husema ameanguka.

Methali basi hufanya kazi yake katika saa hizo chache, kati ya glasi ya kwanza na asubuhi ya pili. Humwondolea mtu hukumu ya "nimeshaharibu", ambayo ni hukumu ya uongo. Kosa haliwi dogo kwa sababu hiyo. Anayejikwaa huumia, na kidole hutoka damu kweli.

Lakini Kiswahili hicho hicho kina methali inayoonekana kuikanusha hii: "Mwonja asali haonji mara moja." Kwa mtu wa pombe, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaomlea hawawezi kuipuuza. Uraibu ni hali ambayo ndani yake kuonja huita kuonja. Anayeichukua methali ya kujikwaa kama ruhusa, akapanga mbalamwezi ijayo aonje tena kwa kuwa kujikwaa si kuanguka, ameihama picha yenyewe: kujikwaa hakupangwi. Mtu anayelifuata jiwe alipige teke hajajikwaa. Methali mbili hizo hazigombani zikipewa nyakati zake. Ya asali ni ya kabla ya glasi, kumzuia mtu asiionje. Ya kujikwaa ni ya baada yake, kumzuia asiendelee. Akizibadilisha mahali, ajionye kwa asali baada ya kunywa na kujiliwaza kwa kujikwaa kabla ya kunywa, zote mbili zitamwangamiza.

Sehemu ya pili ya methali, "bali ni kwenda mbele", haina maana kuwa kila aliyerudia pombe amepiga hatua. Maneno hayo yana sharti, na sharti hilo limewekwa wazi na usemi mwingine: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Aliyerudia pombe hutazama kilabu, glasi na aliyemnunulia, kwa kuwa ndipo alipoangukia. Jiwe liko nyuma zaidi. Kwa mvuvi huyu liko kwenye siku tano za kukaa bure, kwenye fedha zote kukaa mfukoni mwake, kwenye siku tatu za kukosa usingizi ambazo hakumwambia mtu, na kwenye ugomvi na shemeji yake ulioachwa bila kusuluhishwa. Kabla hajaonja hakulijua hata moja katika hayo kuwa jiwe. Sasa anajua, na mbalamwezi ijayo anaweza kumwachia mama yake fedha za mgawo, akaomba kibarua cha kupaka chombo rangi, akalala kwa mjomba aliye mbali na ile minazi. Ujuzi huo hakuwa nao jana, na ndiyo mbele inayosemwa na methali. Asipoutafuta, amejikwaa bure.

Historia ina mfano ulio dhahiri. Robert Smith, daktari wa upasuaji wa Akron, Ohio, alikutana na Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameshaacha pombe, mwezi Mei 1935, na kwa mazungumzo yao yeye naye akaacha. Majuma machache baadaye alikwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akalewa. Aliporudi, Wilson hakumkatia tamaa. Alikaa naye mpaka akatulia. Smith alikunywa mara ya mwisho mwezi Juni 1935, na hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Alcoholics Anonymous, chama walichokianzisha wawili hao, kinaihesabu tarehe 10 Juni 1935, kinayoitaja kuwa siku ya kinywaji cha mwisho cha Smith baada ya kujikwaa, kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama, wala si ile ya kukutana kwao. Hatua 12 za chama hicho zinafuatwa leo katika nyumba nyingi za upataji nafuu za Tanzania Bara na Zanzibar, ambako walioacha dawa za kulevya na walioacha pombe huishi pamoja na kuhesabu siku.

Hesabu hiyo ya siku ina faida na ina mtego. Mtu aliyefikisha siku arobaini akanywa, huanza tena siku ya kwanza, naye hudhani arobaini zile zimefutika. Hazikufutika. Katika siku hizo alijifunza kulala bila kilevi, alipita mbele ya kilabu mara kadhaa bila kuingia, na mwili wake ulianza kupona. Aliyejikwaa harudishwi alikoanzia safari. Anaendelea kutoka kwenye lile jiwe.

Kuna jambo moja ambalo methali hailigusi, nalo huua. Mtu aliyekaa muda bila pombe hawezi tena kuhimili kiasi alichokizoea, na akikinywa kwa pupa anaweza kuzidiwa. Kwa upande mwingine, aliyerudia akanywa siku nyingi mfululizo hapaswi kukata ghafla akiwa peke yake chumbani. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na kila mara anapokata na kurudia, dalili hizo zinaweza kuwa kali kuliko mara iliyopita. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali, ambako kuna dawa ya kutuliza neva na vitamini B1. Kwa wakazi wa jiji la Tanga hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Juu katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi, ya Kanisa la Kilutheri, yenye zaidi ya miaka mia moja, ambayo imejulikana kwa kuwapa wagonjwa kazi za shamba na za mikono kuwa sehemu ya matibabu. Kumpeleka mtu huko hakupingani na kumwambia kuwa hajaanguka.

Aliyejikwaa hayuko peke yake njiani, na mara nyingi kinachoamua kama atalala chini ni maneno ya wanaomwona. Wazee wa pwani walisema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Jirani anayeuliza kwa sauti, "Si ulisema umeacha?" amejikwaa ulimi, na jeraha lake huchelewa kupona. Ndivyo alivyo pia anayemtupia methali ya sikio la kufa, ambayo ni hukumu ya kifo kwa mtu aliye hai. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa habari ya mtu wa zama za Mtume Muhammad (s.a.w.) aliyekuwa akiletwa mbele yake kwa ulevi mara kwa mara na kuadhibiwa. Mmoja wa waliokuwapo alipomlaani kwa wingi wa kuletwa kwake, Mtume alikataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikuondolewa wala kosa halikuitwa jina jingine, lakini mkosaji hakutolewa katika jamaa ya waumini. Msikiti na nyumba za Tanga zina msingi huo tayari, na inasikitisha kuona aliyerudia pombe akikwepa msikiti miezi kadhaa kwa kuogopa macho ya safu ya nyuma.

Hata hivyo methali ni ya anayetembea, na haimfungi mwingine. Mke aliyepigwa usiku wa ulevi, ambaye fedha za chakula zimeishia kilabuni, hana deni la kuisema. Anaweza kuchukua watoto akaenda kwao Muheza, au kupeleka shauri kwa wazee na ustawi wa jamii, bila kuwa ameizuia safari ya mume wake. Mume aliyejikwaa kweli husikika kwa namna anavyolipokea jambo hilo: hamtajii mkewe methali, humwomba radhi, huacha fedha mikononi mwa mtu mwingine, na jioni hiyo hiyo huenda kwa mwenzake aliyeacha pombe kabla yake akamwambia yaliyotokea, tangu siku ya kwanza ya kukosa usingizi.