Meli Imefika, Mtumbwi Uko Wapi?

Wanangu walimu wa Mbinga na wa Nyasa, neno hili nimelisema kwenye vikao vya wazazi, nikalisema kwenye mahafali, nikalisema barazani kwangu kwa kila mwalimu kijana aliyepita kunisalimia. Leo nalirudia kwa maandishi, kwa kuwa sauti imechoka na macho nayo yameanza kuniaga. Nivumilieni. Nimefundisha miaka mingi, na nikistaafu nimestaafu chaki tu, watoto sikuwastaafu.

Jirani yangu hapa ufukweni mwa Ziwa Nyasa ana kijana asiyeona. Alisoma kwa taabu mnayoijua, akafaulu kidato cha nne, akachaguliwa kwenda kidato cha tano. Shule ikatuma fomu ya kujiunga kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Baba alikuwa ziwani, mama yuko kwenye vichanja anageuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Kijana akakaa kwenye kigoda mlangoni, akaiwasha TalkBack, ile sauti ya simu inayomsomea mtu kilichoko kwenye kioo, akatelezesha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Simu ikasema: "Picha." Akatelezesha tena. "Picha." Kurasa zilikuwa sita, na simu ilisema "picha" mara sita. Kisha kimya.

Alingoja hadi jioni nilipopita. Nikaishika ile simu, nikaisogeza karibu na pua maana mtoto wa jicho hanipi nafasi kubwa, nikamsomea: sare, godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi. Tulipofika ukurasa wa nne tukakuta mstari unaomtaka mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu aijulishe shule kabla ya tarehe fulani ili aandaliwe vifaa. Tarehe yenyewe ilikuwa imepita siku mbili. Kijana hakusema neno. Aliomba simu yake, akaizima, akaiweka mfukoni.

Shule siitaji, na wala sitaki mtu aitafute. Walimu wake si watu wabaya. Walifanya wanavyofanya karibu wote. Barua inachapwa vizuri kwenye kompyuta, yenye herufi ambazo simu yoyote ingeweza kuzisoma. Halafu inatolewa kwenye karatasi ili mkuu wa shule atie sahihi na kugonga muhuri. Halafu karatasi ile inapigwa picha au kupitishwa kwenye skana, na hiyo picha ndiyo inayotumwa. Hapo ndipo barua inapokufa. Jicho linaona maneno, lakini mashine mara nyingi inaona madoa meusi kwenye kitu cheupe tu, haina cha kutamka. Tumeuheshimu muhuri hadi tukamsahau msomaji.

Wanangu, muhuri una kazi yake, siukatai. Tumeni barua yenye muhuri kwa wanaoihitaji benki au ofisini, na pamoja nayo tumeni faili lile lile la awali, lenye maandishi hai, kabla halijapita kwenye skana. Mnalo tayari kwenye kompyuta ya ofisi. Hamwombwi kuandika upya hata mstari mmoja.

Ninyi mliozaliwa juu milimani, Mbinga mjini au Litembo, huenda hamjapanda meli kutokea kijijini kwetu. MV Songea ilipokuwa ikipita pwani hii, vijiji vingi havikuwa na gati. Meli inasimama mbali majini, inapiga honi, watu na mizigo vinafuatwa kwa mitumbwi. Asiyekuwa na mtumbwi aliiona meli kwa macho, akaisikia ikiondoka. Wazee wetu waliijua hali hiyo zaidi, enzi za Chauncy Maples, meli ya misheni iliyoshushwa majini ziwani humu mwaka 1901, ikibeba shule, kanisa na hospitali pamoja. Baraka zote hizo zilikuwa juu ya maji. Ili zikufikie ilikuwa lazima pawe na kitu cha kuzileta nchi kavu. Ndivyo zilivyo fomu zenu na matangazo yenu. Mtandao umefika Liuli, umefika Lituhi, meli imetia nanga. Kwa asiyeona, yale maandishi hai ndiyo mtumbwi.

Kuna mwalimu aliwahi kunijibu, kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, shuleni kwetu hatuna mwanafunzi asiyeona." Nilimwuliza amejuaje, ikiwa tangazo la nafasi lenyewe asiyeona hawezi kulisoma. Na nilimkumbusha sisi ni watu wa wapi. Mkoa wetu wa Ruvuma ni moja ya sehemu za nchi hii zenye ugonjwa wa usubi, unaoletwa na wale inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito ya maji ya kasi, na mwisho wake huweza kuwa upofu. Kila mara wagawa dawa wanapita nyumba kwa nyumba na fimbo yao yenye alama, wanatupima kimo, wanatuhesabia vidonge vya kingatiba. Katika mkoa kama huu, mtu anasemaje kwamba habari za wasioona hazimhusu? Na hapo sijawataja wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu na huhitaji herufi wazikuze hadi zijae kioo. Picha ukiikuza inatoka ukungu. Maandishi hai ukiyakuza yanabaki makali, na mistari inajipanga upya kuufuata upana wa simu.

Sasa niseme jinsi ya kuandika, maana hata maandishi hai yanaweza kuandikwa vibaya. Wamatengo watanielewa haraka. Ngoro, lile shamba lao la mashimo, hailimwi kwa kurusha udongo kwenye mteremko. Kwanza nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana hadi zikatoa miraba. Ndipo udongo unachimbwa katikati na kufunikwa juu ya zile nyasi, na shimo linabaki kushika maji. Nyasi hazionekani shamba likishakamilika, lakini ndizo zinazoubeba mteremko mvua ikishuka. Waraka nao una nyasi zake. Ukiandika kichwa cha habari kwa kukoleza wino na kukuza herufi tu, umerusha udongo: jicho litakiona kichwa, lakini simu ya asiyeona itakisoma kama sentensi nyingine yoyote, na yeye atalazimika kusikiliza kurasa zote sita ili aipate ada au tarehe. Ukikichagulia mtindo wa kichwa ambao programu ya kuandikia inao tayari, umelaza nyasi. Msomaji ataruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyorusha macho, na atasimama pale anapotaka.

Picha nazo zipewe maneno. Mkibandika picha ya bweni jipya kwenye tovuti ya shule, pana nafasi ya kuandika maelezo yake mafupi, na sauti ya simu itayasoma. Andikeni kinachoonekana: bweni la wasichana, mlango mpana, ngazi tatu, hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Hizo ngazi tatu ni habari kubwa kwa mzazi fulani. Msiandike "bonyeza hapa" peke yake. Asiyeona huviorodhesha viungo vyote vya ukurasa na kuvisikiliza kimoja kimoja, sasa akisikia "hapa, hapa, hapa" ataenda wapi? Andikeni "Pakua fomu ya kujiunga, kidato cha tano." Wala msiseme "waliofaulu wameandikwa kwa rangi nyekundu". Wapo wasioitofautisha nyekundu na kijani, na wapo wasioona rangi yoyote. Wekeni neno "amefaulu".

Haya yote sikuyatunga mimi. Shirika la W3C linaloweka kanuni za wavuti duniani lilitoa mwongozo wa kwanza wa mambo haya mwaka 1999, likaurekebisha mwaka 2008, tena 2018 na 2023. Umo hata uwiano wa rangi ya herufi na ya mandharinyuma yake: kwa maandishi ya kawaida usipungue nne na nusu kwa moja. Mkaona ni mambo ya Ulaya? Nendeni ufukweni saa sita mchana, mumpe mama anayeanika usipa simu yenye tangazo la herufi za kijivu kwenye weupe. Mama yule ana macho mazima, lakini juani hataona kitu. Na tangazo la maneno matupu ni jepesi mno likilinganishwa na picha, hata pale ambapo mtandao wetu unakuja na kuondoka kama upepo wa ziwani, lenyewe linafika.

Nchi yetu imeshatia sahihi. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inaitaja intaneti kwa jina. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2020 tukajiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kitabu kigeuzwe kuwa nukta nundu, sauti au faili linalosomeka kwa ajili ya wasioona bila kwanza kumwendea mwenye hakimiliki. Baraza la Mitihani nalo huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, dakika 10 katika masomo mengine. Hapa moyo huniuma. Siku ya mtihani mtoto anapewa karatasi anayoweza kuisoma, lakini miaka minne ya nyuma yake alitumiwa notsi za kupiga picha ubaoni. Tunampa muda wa ziada wa kujibu alichonyimwa kujifunza.

Na viziwi, wanangu, msiwasahau kwa sababu hawapigi kelele. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalihamia redioni na kwenye televisheni hadi tulipofungua Juni. Mtoto kiziwi alifanya nini na redio? Leo mwalimu anajirekodi kwa simu akieleza mada, anaituma video darasani, na anastahili pongezi. Lakini kama hakuna maandishi chini ya video, wala mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi anatazama midomo ikicheza. Ikiwa hamna ujuzi wa kuweka maandishi kwenye video, andikeni maelezo ya somo lile ukurasa mmoja, muutume pamoja nayo. Kwa kuanzia yatosha.

Najua mtaniambia hatuna vifaa. Nilifundisha wakati ambapo kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa nukta nundu kilitoka majuzuu manene kadhaa, na mashine ya kuyaandika ilikuwa nzito, ghali, na ya kugombaniwa. Hapo niliwaelewa waliosema hawana uwezo. Leo mambo ni mengine: baada ya Sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, vikaja mikononi mwa walimu. Simu ya bei ya chini ya kijana yule ina TalkBack tangu ilipotoka dukani. Kwa kompyuta ipo NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, akaungwa mkono na mwenzake James Teh, naye asiyeona; wakaitoa bure kwa dunia nzima, na Kiswahili inakisoma. Wasioona wenyewe wamekwisha kujenga upande wao wa daraja. Upande uliobaki ni wetu, na ni mfupi.

Kijana wa jirani yangu aliripoti shuleni baada ya wenzake. Vifaa vyake vilichelewa muhula mzima.

Basi nawaomba jambo moja, na wakuu wa shule mlisimamie. Kabla ya kutuma fomu nyingine yoyote, mmoja wenu aifungue kwenye simu yake, awashe TalkBack, afumbe macho, asikilize kuanzia jina la shule hadi tarehe ya kuripoti. Akisikia "picha" na kimya, fomu isitoke ofisini. Irudi mezani, litafutwe faili la awali, litumwe hilo. Na pale mnapomtaka mwenye mahitaji maalumu awajulishe mapema, mstari huo uwe wa kwanza kabisa, juu ya sare na godoro, na pembeni yake iwepo namba ya simu ambayo mtu ataipokea.